Wilson Bentley, Mkulima Aliyeitazama Theluji kwa Miaka 46



Katika Masifu ya Asubuhi ya Dominika ya juma la kwanza tunasali wimbo wa vijana watatu kutoka kitabu cha Danieli. Vijana hao, wakiwa katikati ya tanuru la moto, wanaviita viumbe vyote vimsifu Mungu: jua na mwezi, mvua na umande, na pia barafu na theluji. Wengi wetu tunaipita theluji haraka katika wimbo huo kwa sababu hatujawahi kuishika. Tunaijua ile ya Kilimanjaro, nayo tunaiona kwa mbali kama kofia nyeupe juu ya mlima. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyeitazama theluji kwa karibu sana, chembe moja moja, kwa miaka 46, akiwa na kamera moja na banda lisilo na moto. Jina lake ni Wilson Alwyn Bentley, mkulima wa Marekani.

Hatumleti kama mtakatifu wa altareni. Tunamleta kwa sababu maisha yake yanauliza swali linalotugusa sisi tunaosoma falsafa, na linalowagusa pia ninyi wenye kazi za kila siku huko parokiani. Je, kitu kidogo kinachopita upesi kinastahili mtu akipe maisha yake? Na je, mtu asiye na mali wala cheo anaweza kuutumikia ukweli kwa vifaa vichache alivyo navyo?

Mtoto wa shambani

Bentley alizaliwa tarehe 9 Februari 1865 katika mji mdogo uitwao Jericho, kwa jina la Yeriko ya Biblia, katika jimbo la Vermont, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Huko majira ya baridi ni marefu na theluji huanguka kwa wingi. Baba yake, Edwin, alikuwa mkulima na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa. Mama yake, Fanny, alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Wilson alikuwa na kaka yake mmoja, Charles.

Mtoto huyu hakwenda shule mapema. Mama yake alimfundisha nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka 14, akitumia vitabu alivyokuwa navyo, ikiwemo ensaiklopidia ambayo Wilson aliisoma yote. Kaka yake na vijana wengine walipenda michezo ya nje. Yeye alipenda matone ya mvua, mawe madogo, manyoya ya ndege na maua.

Mama alikuwa na hadubini ya zamani aliyoitumia alipokuwa akifundisha. Wilson alipotimiza miaka 15, alimruhusu kuitumia. Ilikuwa Februari, na nje theluji ilikuwa ikianguka. Kijana akaweka chembe moja chini ya lenzi, na alichokiona kikamfunga kwa maisha yake yote. Kile kilichoonekana kwa macho kama vumbi jeupe kilikuwa na umbo kamili, lenye pande sita, limechorwa ndani kwa mistari na matawi kama kazi ya sonara.

Kwa wasomaji wetu ambao hawajaiona theluji ikianguka, tueleze kidogo. Mvuke wa maji ulio mawinguni unapopoa sana huganda juu ya kipunje cha vumbi na kuwa fuwele, yaani chembe iliyojipanga kwa utaratibu. Molekuli za maji zinapoganda hushikana kwa mpangilio wa pande sita, na ndiyo sababu fuwele ya theluji ina pembe sita au matawi sita. Kadiri inavyoshuka hupita katika hewa yenye joto na unyevu tofauti, na kila badiliko huacha alama yake. Nyingi zina ukubwa wa milimita chache tu. Ukiipumulia, inayeyuka.

Hilo la kuyeyuka ndilo lililokuwa tatizo lake. Wilson alijaribu kuzichora. Kwa majira kadhaa ya baridi aliketi kwenye baridi, jicho kwenye hadubini na penseli mkononi, akachora mamia ya michoro. Lakini fuwele iliyeyuka kabla hajamaliza, na umbo lile halikurudi tena. Akatambua kwamba mkono wa mwanadamu ni mzito mno kwa kazi hii.

Kamera ya dola 100

Katika kusoma kwake aligundua kwamba kamera inaweza kuunganishwa na hadubini, ili picha ipite kwenye lenzi ya hadubini na kutua kwenye bamba la kioo la kamera. Vifaa hivyo kwa pamoja viligharimu karibu dola 100. Leo kiasi hicho kinaweza kuonekana kidogo, lakini kwa mkulima wa wakati ule kilikuwa thamani ya ng'ombe kadhaa. Baba hakupendezwa. Kwake, kuitazama theluji ilikuwa upuuzi, maana theluji hailiwi wala haiuzwi. Mama ndiye aliyemwombea kijana wake, na hatimaye baba akakubali kununua. Wilson alikuwa na miaka 17.

Katika historia ya sayansi tunawataja wagunduzi, na mara chache tunawataja wazazi waliotoa fedha bila kuelewa. Baba huyu alitoa kisha akaendelea kuamini kwamba amepoteza fedha yake. Alifariki mwaka 1887, kabla dunia haijamjua mwanawe. Mama aliishi hadi mwaka 1906, na kwa miaka mingi Wilson alimhudumia alipokuwa mgonjwa.

Kuwa na kamera hakukuleta picha mara moja. Hapakuwa na mtu wa kumfundisha, wala mwalimu wa kumwandikia barua. Alijaribu na kushindwa mara nyingi. Picha zilitoka na ukungu, au chembe iliyeyuka, au mwanga haukutosha. Ufumbuzi aliupata polepole: kuuziba mlango wa lenzi ubaki tundu dogo, ili sehemu zote za chembe zionekane vizuri, kisha kuacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi. Tarehe 15 Januari 1885, wakati theluji ikianguka, alipata picha yake ya kwanza iliyofaulu ya fuwele moja. Alikuwa hajatimiza miaka 20. Baadaye alisimulia kwamba saa ile alitamani kupiga magoti kando ya kifaa chake, na kwamba hakuwahi kuwa na furaha kubwa kuliko ile.

Namna alivyofanya kazi

Tunapenda kukaa kidogo kwenye utaratibu wa kazi yake, kwa sababu humo ndimo tunamwona mtu mwenyewe.

Alikuwa na chumba kidogo cha mbao nyuma ya nyumba, kisicho na moto. Ilibidi ndani kuwe na baridi sawa na nje, la sivyo kila kitu kingeyeyuka. Kamera ililala juu ya meza, imeunganishwa na hadubini, nayo hadubini imeelekezwa dirishani, ili mwanga wa mchana upite katikati ya chembe na kuingia kwenye lenzi. Kamera ilikuwa ndefu kiasi kwamba mkono wake haukuweza kuzungusha kirekebisho cha hadubini huku akitazama kioo cha nyuma. Hakuwa na fedha za kununua kifaa bora zaidi, basi akatengeneza kigurudumu na kamba ili akiwa nyuma aweze kuvuta na kuilenga lenzi.

Theluji ilipoanza, alisimama mlangoni akiwa na ubao mweusi. Aliacha chembe zitue juu yake kwa muda mfupi, kisha akaingia ndani na kuzikagua kwa kioo cha kukuzia, akishikilia pumzi yake. Zilizovunjika au kushikamana alizifuta kwa unyoya. Akiona moja nzuri aliinyanyua kwa njiti nyembamba ya mbao, akaihamishia kwenye kipande cha kioo, na kuilaza vizuri kwa ncha ya unyoya. Baada ya hapo kioo kikaingia kwenye hadubini, akalenga, akafungua lenzi, akahesabu sekunde, wakati mwingine nyingi, na kufunga. Kazi hii yote ilipaswa kumalizika kabla chembe haijaanza kupoteza ncha zake. Hata katika baridi kali, fuwele huliwa na hewa kidogo kidogo.

Siku nyingine alipata picha chache tu, na nyingine hakupata hata moja. Majira yalipopita aliendelea na shamba: kukamua ng'ombe, kukata nyasi, kuvuna. Alikuwa mkulima maisha yake yote, akiishi katika upande mmoja wa nyumba ya familia huku Charles na watoto wake wakiishi upande wa pili. Hakuoa. Jioni alipiga piano na ala nyingine. Na kila siku aliandika hali ya hewa katika daftari lake.

Kamera ile iliyonunuliwa na baba ndiyo aliyoitumia hadi mwisho. Teknolojia ilibadilika sana katika miaka hiyo, lakini yeye alikuwa ameijua kamera yake kama mkulima anavyolijua jembe lake, hata akapata picha zaidi ya 5,000 za fuwele za theluji.

Majirani na wataalamu

Pale kijijini wengi walimwona mtu wa ajabu, aliyekuwa akisimama kwenye dhoruba na ubao mkononi wakati wenye akili zao wamekaa karibu na moto. Kwa zaidi ya miaka 10 alifanya kazi hiyo bila mtu wa nje kuijua.

Mwaka 1898 George Perkins, profesa wa Chuo Kikuu cha Vermont, alimsaidia kuandika makala yake ya kwanza katika jarida la kisayansi la Marekani. Baada ya hapo aliendelea kuandika mwenyewe, na makala zake nyingi zilichapishwa katika Monthly Weather Review, jarida la wataalamu wa hali ya hewa. Mwaka 1903 alituma picha 500 kwa taasisi ya Smithsonian huko Washington ili zihifadhiwe salama. Vyuo na shule viliagiza picha zake, naye alikuwa akiziuza kwa senti 5 kila moja. Wachoraji wa vitambaa na masonara pia walizitumia kupata michoro. Hata hivyo fedha alizozipata hazikufikia alizotumia. Mwaka 1924 Chama cha Wataalamu wa Hali ya Hewa cha Marekani kilimpa ruzuku ya utafiti ya dola 25.

Tusimfanye mtu mwenye huzuni kwa sababu hiyo. Wote waliomtembelea walikutana na mtu mchangamfu na mpole, aliyefurahi kuonyesha picha zake kwa mtoto kama kwa profesa. Aliuza kwa bei ndogo kwa kuwa alitaka uzuri ule uwafikie watu. Alihuzunishwa na jambo moja: kila chembe inapoyeyuka, umbo lake linapotea bila kuacha kumbukumbu, na mwanadamu mwingine hatapata kuliona kamwe.

Unga wa kupimia mvua

Theluji haianguki mwaka mzima, na Bentley hakuwa mtu wa kukaa bure. Kati ya mwaka 1898 na 1904 alijiuliza tone la mvua lina ukubwa gani. Vyombo vya kupimia jambo hilo havikuwepo, basi akachukua alichokiona jikoni: unga.

Alijaza unga laini katika chombo kipana cha chini, akausawazisha, akakitoa nje mvua inaponyesha kwa sekunde chache, kisha akakirudisha ndani. Kila tone liliingia ndani ya unga na kutengeneza kidonge kidogo. Aliviacha vikauke, akavitoa na kuvipima. Ili kujua kidonge kinawakilisha tone la ukubwa gani, kwanza aliangusha ndani ya unga uleule matone aliyoyajua ukubwa wake, akalinganisha. Kwa njia hiyo ya mama wa nyumbani alionyesha kwamba matone ya mvua yanatofautiana sana, kwamba makubwa kabisa yanafikia milimita 6 hivi kwa upana, na kwamba aina ya mvua inahusiana na ukubwa wa matone yake. Aliyachapisha matokeo hayo mwaka 1904, lakini wengi hawakuyajali wakati ule. Miaka mingi baadaye, wanasayansi walipoanza kuchunguza mawingu kwa undani, walikuta mkulima wa Jericho amekwisha kupita njia hiyo.

Kisu na ukweli

Hapa tunafika mahali panapohitaji uangalifu, na sisi wanafilosofia hatupaswi kuparuka.

Picha ya fuwele iliyopigwa kwa mwanga unaopita katikati yake hutoka nyeupe juu ya sehemu nyeupe, na ukingo wake hauonekani vizuri. Bentley alitaka fuwele ionekane nyeupe juu ya weusi. Basi alitengeneza nakala ya negativu, kisha kwa kisu chembamba akakwangua taratibu utando wote uliozunguka fuwele, akifuata ukingo wake kwa saa nyingi. Nakala hiyo iliposafishwa, fuwele ilitokea peke yake katika giza, kama nyota. Picha hizo ndizo tunazoziona leo katika vitabu.

Huko Ujerumani alikuwepo mtaalamu wa hali ya hewa, Gustav Hellmann, aliyechapisha kitabu kuhusu fuwele za theluji mwaka 1893. Picha za kitabu chake, zilizopigwa na Richard Neuhauss, zilionyesha fuwele nyingi zisizo sawa, zenye tawi moja fupi na jingine refu. Hellmann alimlaumu Bentley kwamba kisu chake kimeharibu ukingo wa fuwele, hivyo picha zake si ushahidi wa kutegemewa. Bentley alijitetea kwamba alichoondoa ni kile kisichokuwa fuwele tu, na negativu za asili zilibaki kama zilivyo.

Nani alikuwa na haki? Kuna mambo mawili, na ni vizuri kuyatenganisha. La kwanza ni kisu. Hapo tunaona Bentley hakudanganya. Alisema wazi alichofanya, akatunza nakala asilia, na yeyote aliyetaka kulinganisha angeweza. La pili ni uchaguzi, nalo ni gumu zaidi. Katika theluji halisi, fuwele zilizo kamili ni chache, na nyingi zimevunjika, zimepinda au zimeshikana. Bentley alizifuta hizo kwa unyoya na kupiga picha zile nzuri. Kila picha yake ni ya kweli, lakini anayetazama kitabu chake chote anaweza kudhani kwamba theluji yote ni kamilifu hivyo. Mtu anaweza kusema ukweli katika kila sentensi na bado kuacha picha isiyo kamili.

Jambo hilo linatuhusu. Anayeandaa homilia huchagua mifano inayopendeza na kuacha inayokataa kukaa sawa. Anayeandika maisha ya mtakatifu hufuta makosa ya mtakatifu huyo kwa unyoya. Anayepiga picha za jimbo au za parokia kwa simu huonyesha sikukuu, haonyeshi benchi tupu la Jumatano. Hellmann anatukumbusha kwamba chembe iliyovunjika nayo imetoka katika wingu lilelile. Bentley kwa upande wake anatukumbusha kwamba aliyeona uzuri ana wajibu wa kuuonyesha. Mtu mwaminifu anahitaji wote wawili, na pale anapochagua, aseme kwamba amechagua.

Hakuna mbili zinazofanana

Bentley anajulikana zaidi kwa neno moja: kwamba hakuna fuwele mbili za theluji zinazofanana. Kwa mantiki tu, hakuweza kulithibitisha. Picha 5,000 ni kitu gani mbele ya theluji yote iliyoanguka tangu kuumbwa kwa dunia? Walimu wetu wa mantiki wanatufundisha kwamba mifano mingi haitoi hakika juu ya wote. Sayansi ya sasa inamuunga mkono kwa njia nyingine. Fuwele kubwa yenye matawi inaweza kujipanga kwa namna nyingi mno, hata uwezekano wa mbili kuwa sawa kabisa ni kama haupo, ingawa vipande vidogo vya mwanzo, vya pande sita bila matawi, vinaweza kufanana sana.

Lakini neno lake lina uzito mwingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba Mungu ameumba vitu vingi na vya namna mbalimbali kwa sababu wema wake hauwezi kuonyeshwa vya kutosha na kiumbe kimoja. Kilichopungua katika kimoja kinaonyeshwa na kingine. Mwenyeheri Yohane Duns Scotus alikwenda mbele zaidi, akitafuta kile kinachofanya kitu hiki kiwe hiki na si kingine cha aina yake. Tunaposoma hoja zao darasani tunaweza kuona ni maneno makavu. Mkulima wa Vermont, ambaye hakuingia chuo chochote, alizisimamia kwa miaka 46 katika baridi. Hakutosheka kuijua theluji kwa jumla. Alitaka kuijua hii, kabla haijayeyuka.

Aristotle naye, katika kitabu chake juu ya sehemu za wanyama, anawaonya wanafunzi wasivichukie viumbe vidogo na duni kama watoto wanavyofanya, kwa maana katika kila kiumbe cha asili kuna jambo la kustaajabisha. Falsafa inaanza katika mshangao huo. Anayesubiri mambo makubwa ndipo ashangae, huenda asishangae kamwe.

Kitabu na mwisho wake

Alipokaribia uzee, Bentley alitamani kuona picha zake zimekusanywa katika kitabu kimoja. William Humphreys, mwanafizikia wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, alikubali kuandika maelezo. Kitabu hicho, Snow Crystals, kilitoka mwishoni mwa mwaka 1931 kikiwa na picha zaidi ya 2,400.

Bentley alikiona. Wiki chache baadaye alirudi nyumbani kwa miguu katika dhoruba ya theluji, akapatwa na nimonia, na tarehe 23 Desemba 1931 akafariki katika nyumba ileile ya shambani, akiwa na umri wa miaka 66. Alizikwa Jericho.

Kitabu kikasafiri. Huko Japani, mwanafizikia Ukichiro Nakaya alivutiwa na picha hizo, akaanza kuchunguza theluji huko Hokkaido, na mwaka 1936 alifaulu kutengeneza fuwele ya theluji katika maabara. Kwa njia hiyo alionyesha jinsi joto na unyevu vinavyoamua umbo la fuwele, jambo ambalo Bentley alikuwa amelihisi kwa kulinganisha picha zake na daftari lake la hali ya hewa. Mabamba yake mengi ya kioo yamehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho ya sayansi la Buffalo, na kule Jericho watu wa mji wake wanatunza kumbukumbu yake. Wajukuu wa wale waliomcheka ndio wanaowaongoza wageni.

Tunajifunza nini

Kwanza, vifaa vichache si kisingizio. Wengi wetu tuna simu yenye kamera ambayo Bentley asingeweza hata kuiota. Ukiweka kioo kidogo cha kukuzia mbele ya lenzi ya simu, ukaiegemeza simu juu ya vitabu isitikisike, na ukatumia mwanga wa dirishani asubuhi, utaona mguu wa siafu, chavua ya ua la mahindi, au umande kwenye utando wa buibui kwa namna usiyoitegemea. Sogeza simu yote mbele na nyuma taratibu hadi picha itulie, na upige nyingi ili upate moja. Gharama ni ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini. Vijana wa parokia na watoto wa Utoto Mtakatifu wanaweza kufanya hivyo katika bustani ya kanisa, na katekista akapata somo zima juu ya uumbaji.

Pili, uaminifu katika jambo dogo huchukua muda mrefu kabla haujaonekana. Kati ya picha yake ya kwanza na makala yake ya kwanza ilipita miaka 13. Kati ya picha ya kwanza na kitabu ilipita miaka 46. Sisi tunaopita miaka ya malezi, na ninyi mnaolea watoto au kuhudumia wagonjwa, tunajua jinsi siku zisizo na matunda zinavyochosha. Bentley alitoka na ubao wake hata siku ambazo hakupata kitu.

Tatu, tuwaheshimu wanaotusaidia bila kutuelewa. Nyuma ya kila picha yupo mama aliyetoa hadubini na baba aliyetoa fedha huku akinung'unika. Nyuma ya kila mseminari wapo wazazi na waamini wa namna hiyo, na wengine watafariki kabla hawajaona daraja la upadre. Tuwaombee.

Mwisho, ndugu zetu, tunapoisoma tena Zaburi ya 147, ambamo Mungu anatoa theluji kama sufu, tumkumbuke mkulima huyu aliyejisumbua kuiangalia. Mungu ndiye anayeiona kila chembe inapoumbwa mawinguni, hata zile ambazo hakuna kamera itakayozipata. Yeye atujalie macho ya kuviona vidogo vyake, na uvumilivu wa kukaa navyo.